Dondoo muhimu: Kung'oa swichi ya ufunguo iliyogoma

Ufunguo ukigoma kuzunguka, usikimbilie bisibisi. Tikisa usukani kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo taratibu. Mara nyingi ni loki ya usukani tu imebana. Jaribu pia ufunguo wa akiba, kwani ufunguo ukilika meno, swichi ndiyo husingiziwa.

Bado? Chomoa waya wa hasi wa betri, kwa kawaida kwa spana namba 10. Gari lenye mfuko wa hewa kwenye usukani lisubiri: Toyota hutaka angalau sekunde 90. Kisha fungua skrubu za chini ya kava la usukani.

Kwenye Toyota nyingi za zamani, zungusha ufunguo hadi alama ya ACC, ingiza waya mgumu kwenye kitundu kidogo cha nyumba ya swichi, bonyeza pini, vuta. Silinda ya swichi hutoka na ufunguo wake. Ufunguo usipofika ACC, pini haibonyei. Hapo kutoboa kwa drili mwachie fundi.

Ufunguo wa zamani usiutupe. Kama una chipu, bila chipu hiyo swichi mpya itazunguka vizuri lakini injini haitawaka.