Programu ndani ya somo la hisabati: maswali yanayoulizwa sana

Je, watoto wataacha hesabu wacheze kompyuta?
Hapana. Ufaransa iliingiza uandishi wa programu katika hisabati ya sekondari ya chini mwaka 2016. Mwaka uliofuata mtihani wa taifa wa hisabati ukawa na swali la Scratch, ile lugha ya kupanga vipande vya amri kwenye skrini.

Inasaidia nini hasa?
Chukua Logo, lugha iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na kina Seymour Papert. Mwanafunzi humwamuru kobe aliye kwenye skrini atembee na kugeuka, naye huchora njia anayopita. Mraba ni rahisi: mbele 100, kulia 90, rudia mara 4. Sasa mwambie achore pembetatu yenye pande sawa. Wengi huandika kulia 60, kwa sababu wamekariri kuwa kila pembe ni nyuzi 60. Kobe anamaliza pande zake tatu na umbo halijafunga. Limebaki wazi kama nusu ya umbo la pande sita. Mtoto anajaribu tena na tena mpaka anang'amua kwamba kobe hugeuka kwa pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Mwalimu angeweza kuiandika kanuni hiyo ubaoni kwa dakika moja, na ingesahaulika kabla ya mtihani.

Kwa nini isiwe somo la peke yake?
Inawezekana; England ilifanya hivyo mwaka 2014. Ila ratiba zimejaa, na kipindi kipya lazima kimege cha somo jingine. Uswidi iliiweka ndani ya hisabati mwaka 2018, kwenye aljebra.

Na shule isiyo na kompyuta?
Ianzie uwanjani. Mwanafunzi mmoja awe kobe, mwingine asome amri, wa tatu achore njia kwa kijiti.

Basi kikwazo ni nini?
Wengi husema vifaa. Mimi nasema maandalizi ya mwalimu. Katika aljebra, x = x + 1 haina jibu. Katika lugha nyingi za programu ni amri halali kabisa: chukua thamani ya x, ongeza 1, ihifadhi tena humo humo. Mwalimu asiyeandaliwa atawachanganya wanafunzi papo hapo, kisha mzazi aambiwe mtoto wake ni mzito wa hesabu.

Kwa hiyo mzazi, kwenye kikao cha shule uliza kwanza walimu wa hisabati wamepata mafunzo gani, ndipo uulize kompyuta ziko ngapi.