Safari ya Kuutazama Mji wa Kale

Wahenga walisema, Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mtu aendaye safari huku akijua anachokitafuta huokota mengi zaidi kuliko yule aendaye bure. Katika somo hili tutasoma habari za jamaa moja waliokwenda pamoja na watoto wao kuutazama mji wa kale, na jinsi walivyojiweka tayari kabla ya kufunga mizigo.

1. Mji wenyewe

Katika nchi nyingi ziko nyumba za makumbusho, ambamo vitu vya kale huwekwa ndani ya makabati ya kioo. Mgeni hulitazama jembe, lakini halioni likilima. Hukitazama kinu, lakini hasikii kishindo cha mchi. Tena yako makumbusho ya namna nyingine. Huko nyumba za zamani husimama kando ya njia kama zilivyokuwa, na watu waliovaa mavazi ya wakati ule hufanya kazi za wakati ule mbele ya macho ya wageni. Moshi hupanda, nyundo hulia, na mkate hunukia. Makumbusho mashuhuri ya namna hii ni Skansen, katika mji wa Stockholm, nchi ya Sweden, yaliyofunguliwa na Artur Hazelius mwaka wa 1891. Katika Marekani, mji ujulikanao sana kwa jambo hili ni Williamsburg, katika jimbo la Virginia.

Williamsburg ulikuwa mji mkuu wa Virginia tangu mwaka wa 1699 hata mwaka wa 1780, na kwa muda mwingi wa miaka hiyo Virginia ilikuwa koloni la Waingereza. Serikali ilipohamia Richmond, mji ukanyamaza, na nyumba zake nyingi zikachakaa. Mwaka wa 1926 padre mmoja wa mji huo, jina lake W. A. R. Goodwin, alimshawishi tajiri John D. Rockefeller mdogo atoe fedha ili mji urudishwe katika hali yake ya zamani. Nyumba zaidi ya 80 za asili zilitengenezwa, na nyingine nyingi zilizokuwa zimekwisha kuanguka au kuungua zikajengwa upya juu ya misingi yake. Siku hizi mgeni aweza kutembea katika njia kuu bila kukutana na motokaa mchana kutwa, akapita mbele ya mhunzi, mpiga chapa, mshona viatu na mfumaji, kila mmoja kazini mwake.

Lakini liko jambo moja ambalo mtu akitazama majumba mazuri tu hataliona. Waafrika wa kwanza waliotajwa katika habari za Virginia waliletwa kwa merikebu mwaka wa 1619, nao walikuwa wametekwa katika nchi ya Angola. Miaka 150 baadaye, katika mji wa Williamsburg wenye watu wasiozidi 2,000, zaidi ya nusu walikuwa watu weusi, na karibu wote walikuwa watumwa. Hao ndio waliopika chakula katika majumba yale, waliofua nguo, na waliochota maji.

2. Shauri la nyumbani

Basi palikuwa na jamaa moja ya Waswahili wakaao Marekani, mwendo wa saa chache kwa motokaa kutoka Williamsburg. Walikuwa baba, mama na watoto watatu: msichana wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, na mdogo wao wa miaka 6. Mwaka huo Bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Bagamoyo kuwaangalia wajukuu. Shule zilipokaribia kufungwa, mama alisema, “Twende Williamsburg.” Watoto wakapiga vigelegele.

Usiku, watoto walipokwisha kulala, baba alisema, “Safari ni njema. Lakini haya ni mapumziko. Na wafurahi, wamwone mhunzi na farasi. Habari za utumwa watazisoma wakikua.”

Mama akajibu, “Tukiwaonyesha nusu ya mji, tutakuwa tumewadanganya. Na watoto wetu ni weusi. Mdogo atauliza, Watu kama sisi walikuwa wapi? Nawe utamwambia nini?”

Baba akanyamaza. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, akainua uso, akasema, “Mwanangu, wakumbuka siku niliyokuchukua Unguja, tukaingia katika kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa?”

“Nakumbuka, mama. Ulinieleza ya kuwa soko lile lilifungwa mwaka wa 1873. Nilikuwa na miaka saba.”

“Na usiku ule ulifanyaje?”

“Sikulala.”

“Ndiyo, hukulala, nami nilikaa nawe mpaka kukapambazuka. Mwanangu, mtoto hadhuriwi na kweli aambiwayo akiwa ameshikwa mkono. Hudhuriwa na ile anayoikuta peke yake njiani.”

Baba alitafakari sana, kisha akasema, “Basi tutawashika mkono.”

3. Matayarisho

Siku ya pili wakaketi wote pamoja, wakapatana juu ya mambo manne.

Jambo la kwanza lilikuwa wakati. Nchi ile huwa na joto kali na mvuke mwingi wakati wa kaskazi yao, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kwa kuwa shule hufungwa wakati huo, hawakuweza kuchagua majira mengine. Basi wakaamua kutembea asubuhi mapema, kupumzika adhuhuri, na kutoka tena jua likipungua. Tena wakapanga kukaa siku mbili, wala si moja, maana haraka haraka haina baraka, na mtoto aliyechoka haoni kitu ila uchovu wake.

Jambo la pili lilikuwa gharama. Mama alipata habari ya kuwa mtu aweza kutembea katika njia za mji bila kulipa, lakini kuingia katika majumba na karakana nyingi hutaka tiketi. Akaandika hesabu ya tiketi, ya chakula na ya mahali pa kulala, akawaonyesha watoto, ili wajue mapema kiasi gani kimebaki kwa kununua vitu vya ukumbusho. Kwa sababu hiyo hapakuwa na kilio madukani.

Jambo la tatu lilikuwa elimu. Kila mtoto alichagua kazi moja atakayoitazama kwa makini, akaandika maswali matatu ya kumwuliza fundi. Msichana alichagua shule, mvulana alichagua uhunzi, na mdogo, ambaye hakujua bado kuandika sawasawa, alichora picha ya tofali. Baba akawaonya, akasema, “Baadhi ya watu mtakaowakuta hujifanya wako katika mwaka wa 1775. Ukimwuliza mmoja wao habari za simu, atakushangaa. Mwulize afadhali amekula nini leo, au amelala wapi.”

Jambo la nne lilikuwa kuwaambia watoto habari za huzuni wakiwa bado nyumbani, kila mmoja kwa kadiri ya umri wake. Mdogo aliambiwa kwamba zamani watu walichukuliwa kwao kwa nguvu, wakafanyishwa kazi bila malipo, na kwamba jambo hilo lilikuwa ovu. Mvulana aliambiwa ya kuwa hata watoto waliuzwa mbali na mama zao. Msichana alipewa kitabu akasome mwenyewe, kisha akazungumza na mama.

4. Siku katika mji

Asubuhi walianza kwa mhunzi. Mvulana alitoa karatasi yake, akauliza, “Mwanagenzi alijifunza kazi hii miaka mingapi?” Fundi akaweka nyundo chini, akamjibu kwamba zamani mara nyingi ilikuwa miaka saba, na kwamba hata leo wanagenzi wa mji huo hujifunza kwa miaka mingi kabla ya kuitwa mafundi. Akamwonyesha jinsi ya kuijua chuma iliyo tayari kupigwa kwa kuitazama rangi yake tu. Mvulana hakutaka kuondoka.

Kisha walikwenda mahali pa kufyatua matofali. Huko, katika miezi ya joto, wageni huruhusiwa kuvua viatu na kuukanyaga udongo shimoni mpaka ulainike. Mdogo alilisahau jua na kila kitu. Alikanyaga, akacheka, akaanguka, akainuka amepakaa udongo hata masikioni. Halafu akamwuliza fundi, “Wewe huukanyaga kila siku?” Fundi akamweleza kwa upole ya kuwa zamani kazi ile ilifanywa sana na watumwa, na watoto wao walikuwamo, wala hawakuweza kutoka walipochoka. Mdogo akasimama kimya, miguu yake imo ndani ya udongo. Akamtazama Bibi. Bibi akamnyoshea mkono, akamtoa, akamwosha miguu yeye mwenyewe.

Saa za alasiri waliifikia nyumba ndogo ya mbao, nayo ndiyo msichana aliyoingoja tangu asubuhi. Ni shule ya Bray. Chama kimoja cha Kikristo cha London kilianzisha shule hiyo mwaka wa 1760 kwa ajili ya watoto weusi, watumwa na waungwana pia, na mwalimu wao alikuwa Ann Wager. Aliwafundisha mamia ya watoto hata alipokufa mwaka wa 1774. Walijifunza kusoma, kutamka herufi na kukariri mafundisho ya dini, na wasichana walijifunza kushona. Waliowapeleka walitaka watoto hao wawe watumwa wanyenyekevu na wenye kutii. Baada ya shule kufungwa, nyumba ilisahauliwa. Ilitumiwa kwa kazi nyingine, ikaongezwa vyumba, ikahamishwa, hata hakuna aliyeijua. Mwaka wa 2020 wataalamu waliyachunguza mapande ya mbao yake, wakaona kwamba miti ilikatwa mwishoni mwa mwaka wa 1759 au mwanzoni mwa 1760. Basi shule ikatambuliwa, na mwezi wa Februari 2023 ikabebwa nzima nzima juu ya gari kubwa mpaka mahali ilipo leo.

Miongoni mwa wanafunzi wa shule ile alikuwamo mvulana aitwaye Isaac Bee. Jina lake limo katika orodha ya mwaka wa 1765. Mwaka wa 1774, alipokuwa kijana, alimtoroka bwana wake, naye bwana akatoa tangazo gazetini. Katika tangazo hilo alieleza ya kuwa kijana huyo ajiona ana haki ya kuwa huru, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu huru. Na tena akaonya kwamba kijana ajua kusoma.

Msichana alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akamwambia mama, “Walimfundisha kusoma ili atii.”

“Ndivyo walivyotaka,” akajibu mama. “Lakini herufi hazina bwana. Mtu akisha kuzijua, ni zake.”

5. Usiku na marejeo

Usiku ule mvulana hakulala. Alikuwa akiwafikiri watoto waliouzwa mbali na mama zao. Bibi alisikia akigeuka-geuka kitandani, akaenda kuketi karibu naye, akampangusa machozi, wala hakumwambia anyamaze. Baada ya kitambo kidogo mlango ukafunguliwa, baba akaingia, akaketi upande wa pili. Hakuna aliyesema neno jingi. Mtoto alimshika huyu mkono huu, na yule mkono huu, hata usingizi ukamchukua.

Waliporudi nyumbani, kila mtoto aliandika au alichora jambo moja alilojifunza. Mdogo alichora tofali tena, lakini safari hii alichora na watu pembeni yake.

6. Mafundisho kwetu

Enyi wanafunzi, si lazima mtu avuke bahari ili ayaone maisha ya zamani. Dar es Salaam pana Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania. Bagamoyo na Unguja kuna majengo yaliyoshuhudia misafara na biashara ya watumwa. Popote mtakapokwenda, kumbukeni kuuliza mambo mawili: Nani aliyekaa katika nyumba hii? Na nani aliyeijenga? Anayeuliza swali la kwanza tu amejifunza nusu. Na ikiwa jibu la swali la pili ni la huzuni, msiende kulisikia peke yenu, na msimwache mdogo wenu alisikie peke yake.

Maswali

1. Makumbusho ya namna ya Williamsburg yatofautianaje na makumbusho yenye makabati ya kioo?
2. Kwa nini baba hakutaka watoto waambiwe habari za utumwa? Ni neno gani lililombadilisha shauri?
3. Taja mambo manne waliyopatana kabla ya safari. Lipi ni kubwa kuliko yote kwa maoni yako?
4. Waliopeleka watoto katika shule ya Bray walitaka nini? Habari za Isaac Bee zaonyesha nini?
5. Kwa nini Bibi hakumwambia mvulana anyamaze?
6. Chagua jengo moja la kale karibu na kwenu. Andika maswali matatu utakayomwuliza mzee ajuaye habari zake.