Jino la Skrubu: Linawekwaje, na Nani Anafaa Kuwekewa?



Wengi wenu mnaokuja kung'olewa meno mmeanza kutuuliza swali moja: "Je, ninaweza kuwekewa jino la kudumu, lile linalofungwa ndani ya mfupa?" Wengine mmelisikia kwa ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada au Australia. Wengine mmeona picha zake kwenye simu. Katika somo hili tutaeleza jino hilo ni kitu gani na linawekwaje.

Tuseme wazi tangu mwanzo: kazi hii haifanyiki katika zahanati ya kambi. Hufanyika katika hospitali kubwa na kliniki za binafsi mijini, na ni ya gharama kubwa. Hata hivyo inafaa uielewe. Unavyolitunza pengo lako leo kunaweza kuamua kama kazi hiyo itawezekana miaka kumi ijayo, ukiwa mahali pengine. Na mtu asiyejua kazi inavyofanywa ni rahisi kutapeliwa.

JINO LIKITOKA, MFUPA NAO HUPUNGUA

Jino unaloliona mdomoni ni nusu tu. Nusu nyingine ni mzizi, uliofichwa ndani ya mfupa wa taya na kushikwa na nyuzi ndogo sana. Kila unapotafuna muhogo au mahindi, nyuzi hizo huvuta mfupa, na mfupa hubaki imara kwa sababu una kazi. Jino liking'olewa, mfupa wa mahali pale hauna kazi tena. Mwili wenyewe huanza kuupunguza. Kupungua huku huwa kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, na unene wa mfupa unaweza kubaki karibu nusu ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana mzee aliyekaa miaka mingi bila meno uso wake hubonyea na kidevu kuikaribia pua.

Meno ya jirani nayo hayatulii. Huegemea polepole kuelekea kwenye pengo, na jino la juu lililopoteza mwenzake wa chini huanza kushuka. Mtu hurudi baada ya miaka mitano akitaka jino, kumbe nafasi yenyewe imekwisha kuzibwa.

Je, kila pengo linahitaji kuzibwa? Hapana. Gego la mwisho likitoka, watu wengi hula na kuishi vizuri bila hilo. Meno ya mbele ni jambo jingine, kwa sababu ya kuongea, kucheka, na hata kutafuta kazi.

WAZO HILI LILITOKA WAPI?

Lilitoka kwa sungura. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa. Aliweka vifaa vidogo vya madini ya titani katika miguu ya sungura. Alipotaka kuvitoa ili avitumie tena, maana vilikuwa ghali, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeota ukavishika. Kwa kawaida mwili hukikataa kitu kigeni, lakini titani mfupa ulikuwa umeipokea kama sehemu yake.

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Brånemark aliwawekea binadamu wa kwanza skrubu za titani tayani. Huyo alikuwa Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya na ambaye hakuwa na meno. Larsson alifariki mwaka 2006, yaani baada ya miaka zaidi ya arobaini, na meno yake yalikuwa bado yanafanya kazi.

KAZI INAVYOFANYWA

Kwanza ni kupima. Daktari wa meno huangalia fizi, huuliza magonjwa uliyo nayo na dawa unazotumia, kisha hupiga picha ya eksirei. Hapa anatafuta mambo mawili: kama mfupa unatosha kwa urefu na unene, na nini kiko karibu. Katika taya la chini hupita mshipa mkubwa wa fahamu. Ukiguswa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa miezi, au daima. Juu ya magego ya taya la juu kuna uwazi wenye hewa unaoungana na pua. Skrubu ikiingia humo ni matatizo. Kwa hiyo mtu anayetaka kukuwekea jino la namna hii bila picha ya eksirei, mwache, hata kama bei yake ni nzuri.

Meno mengine yaliyooza na fizi zinazotoa damu hutibiwa kwanza.

Siku ya kazi yenyewe, unachomwa sindano ya ganzi kama ile ya kung'olea jino. Daktari hukata ufizi kidogo na kuufunua mpaka mfupa uonekane. Kisha hutoboa tundu kwa keekee nyembamba, halafu nene kidogo, halafu nene zaidi, huku maji baridi safi yenye chumvi yakimiminika muda wote. Maji hayo si ya kusafisha tu. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja, seli zake zinaweza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Ndiyo sababu kazi hii huenda polepole.

Tundu likiwa tayari, skrubu huzungushwa mpaka ikae. Kwa kawaida ina unene wa milimita 3 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13 hivi, mfano wa skrubu fupi ya mbao. Ufizi hushonwa. Wengi husema maumivu ya baadaye hayapiti yale ya kung'olewa gego. Uvimbe huwapo siku mbili tatu.

Kisha unasubiri, na hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa kuwa walidhani wataondoka na jino siku hiyo hiyo. Mfupa unahitaji muda wa kuota na kuishika skrubu: kwa kawaida miezi mitatu hivi kwa taya la chini, na mpaka miezi sita kwa taya la juu ambalo mfupa wake ni laini. Kuna madaktari ambao huweka jino la muda mapema, mfupa ukiwa mzuri sana, lakini hilo huamuliwa mtu kwa mtu.

Muda ukitimia, daktari hufungua ufizi tena kidogo na kufunga kipande kifupi juu ya skrubu, kitakachochomoza nje. Huchukua umbo la mdomo wako kwa udongo maalumu au kwa kamera, fundi wa maabara hutengeneza jino lenye rangi ya meno yako, nalo hufungwa juu ya kile kipande. Kwa hiyo ni vitu vitatu: skrubu, kiungio na jino.

Zikiwekwa vizuri, zaidi ya skrubu 9 kati ya 10 bado ziko mahali pake baada ya miaka kumi. Lakini jino hili, ingawa halitobolewi na wadudu wa meno, fizi zinazolizunguka huugua kama nyingine. Asiyepiga mswaki hupata usaha, mfupa huliwa, na skrubu hulegea.

NANI ASUBIRI?

Kijana ambaye taya lake bado linakua, kwa kawaida chini ya miaka 18, asubiri. Mama mjamzito naye asubiri mpaka ajifungue. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huchelewa kupona na huambukizwa kwa urahisi. Sukari ikishashuka na kutulia anaweza kufikiriwa. Anayevuta sigara ana hatari kubwa zaidi ya skrubu kukataa kushika. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, anayemeza dawa zake vizuri na ambaye kinga yake iko juu, hazuiwi kwa sababu hiyo peke yake. Tunalisema hili kwa kuwa kuna waliokata tamaa bila kumwuliza daktari.

WENZETU WALIOFIKA NEBRASKA

Baadhi ya wasomaji wetu mnatoka katika jamii za Wadinka na Wanuer, ambako kwa desturi watoto waling'olewa meno ya mbele ya chini. Mwaka 2000 na 2001 Marekani iliwapokea vijana zaidi ya 3,000 wa kusini mwa Sudan kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Katika jimbo la Nebraska, ambako Wasudani wengi wamehamia, walikuwako waliotaka meno yao yarudishwe. Nyumbani pengo lile lilikuwa alama ya ukoo na utu uzima. Ugenini liliwaletea kutazamwa, na shida ya kutamka sauti kadhaa za Kiingereza. Madaktari wa meno na watafiti wa chuo kikuu huko walilishughulikia jambo hili na kuliandika.

Msidhani lakini kwamba kila anayefika huko hupata. Nchini Marekani jino moja la skrubu hugharimu maelfu ya dola, na bima ya serikali ya watu wenye kipato kidogo mara nyingi hailipi. Usitupe meno ya bandia ya plastiki uliyonayo kwa matumaini ya safari.

Hapa tuguse jambo jingine, hata kama litawaudhi wachache. Mtoto mchanga akiwa na homa au kuharisha, wako wanaosema ana "meno ya plastiki", au ebinyo kama wanavyoita wengine, na humpasua fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu. Hicho kinachotolewa si ugonjwa. Ni chonge changa ya mtoto. Watoto hufa kwa kutokwa damu, pepopunda na maambukizi, na anayepona anaweza kukua bila chonge za kudumu. Mtoto mwenye homa mlete kituo cha afya siku hiyo hiyo.

UNACHOWEZA KUPATA SASA

Badala ya skrubu kuna meno ya bandia ya plastiki ya kuvua na kuvaa. Hayashiki sana kama skrubu, lakini hukaa vizuri yakitengenezwa na mtu aliyesomea. Uliza kwenye zahanati kama rufaa ya kutengenezewa ipo. Yavue usiku na uyaweke kwenye maji safi.

Akija mtu nyumbani kwako na koleo na unga wa kukoroga, akisema atakujengea jino papo hapo, mwulize amesomea wapi na vyombo vyake anavichemsha wapi. Meno yaliyogandishwa moja kwa moja kwenye fizi huzuia mswaki kufika, na chini yake huoza.

Baada ya kung'olewa, uma kitambaa safi kwa nusu saa. Usisukutue wala kutema kwa nguvu mpaka kesho yake, ili damu iliyoganda isitoke. Usivute sigara. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ukiona uvimbe unashuka shingoni, homa, au shida ya kumeza au kupumua, njoo mara moja hata usiku.

Na jino la kudumu likitoka kwa ajali, kama kwenye mpira au kisimani, halijafa bado. Lishike upande wa juu, si mzizi. Lisuuze kidogo tu kwa maji safi au maziwa bila kulisugua, lirudishe tundu lake na uume kitambaa. Ukishindwa, litie ndani ya kikombe cha maziwa. Jino la utotoni halirudishwi. Fika kliniki ndani ya saa moja. Ukisubiri asubuhi, nafasi ya kuliokoa itakuwa ndogo sana.