Vumbi, Kanda na Konsonanti: Kasoro za Redio Kaseti Habaswein

Jina la Habaswein, mji ulio kwenye barabara itokayo Garissa kwenda Wajir, hufasiriwa kwa maneno mawili ya Kisomali: habaas, yaani vumbi, na weyn, yaani kubwa. Fundi aletewaye redio kaseti yenye sauti hafifu katika mji wa jina hilo hana haja ya kuanza na bisibisi. Aanze na pamba.

Kasoro za chombo hiki huelezwa kwa vitenzi vya viumbe hai: redio inameza kanda, inaburuta sauti, inanong'ona. Vitenzi hivyo hutaja dalili, si chanzo. Kwa hiyo kanda ileile ichezwe kwanza katika redio nyingine. Ikisikika vyema, kasoro i mtamboni. Redio inayoburuta itiwe betri mpya. Isipobadilika, huenda mkanda wa mpira uzungushao magurudumu umelegea. Inayomeza ni ile ambayo gurudumu la kupokea limesita ilhali rola ya mpira ingali inasukuma kanda. Kuivuta kwa nguvu ni kuiharibu kabisa. Inasuliwe taratibu, kisha irudishwe kwa kalamu ya pembe sita iliyopenyezwa katika tundu la kaseti.

Inayonong'ona ndiyo imhusuyo zaidi mwanafunzi wa lugha. Kanda hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, wimbi moja la sauti yenye mitetemo 10,000 kwa sekunde halifikii mikroni 5 za urefu wa kanda. Uchafu ukiitenga kanda na kichwa hata kidogo, mawimbi mafupi ya namna hiyo ndiyo hutangulia kutoweka. Vikwamizo s, sh na f hutegemea mitetemo ya juu, irabu hustahimili. Msikilizaji husema sauti "imefifia", kumbe ni konsonanti zilizopotea.

Hasara hiyo ni nzito katika ushairi wa Kisomali. Lugha hiyo ilipata hati rasmi mwaka 1972, lakini kanda ziliendelea kuyabeba mashairi: mlolongo wa malumbano uitwao Deelley, wa 1979 hadi 1980, ulienea kwa kunakiliwa kaseti hadi kaseti. Shairi la Kisomali hufungwa na sauti moja irudiwayo mwanzoni mwa neno katika kila mshororo. Deelley limepewa jina la herufi d. Siinley, la miaka ya 1970, herufi s. Katika utenzi wa Kiswahili, kina kikififia, irabu yake husalia na kumwongoza msikilizaji. Shairi la s likipita kwenye kichwa kichafu hupoteza kamba yenyewe.

Tiba ni pamba iliyochovywa katika spiriti, isuguliwe polepole kwenye kichwa na mhimili wa chuma ulio kando yake. Rola ya mpira ifutwe vivyo hivyo, na vyote viachwe vikauke. Kisu na msasa visikaribie, wala mafuta. Kazi hiyo itangulie unakili wowote wa kanda kwenye kompyuta, kwani s iliyopotea kichwani haimo katika faili, na hakuna programu itakayoisoma upya kutoka kwenye kanda iliyokwisha kutupwa.