Una leseni ya gari ndogo? Soma hapa kabla hujanunua Hiace ya abiria

Mahindi yakishauzwa na hela ikaonekana kidogo, wengi tunawaza Hiace au Noah ipige ruti ya Matai au Laela. Halafu mtu anajisemea, "Nitaendesha mwenyewe, dereva wa nini?" Kabla hujalipa, toa leseni yako uisome.

Iko hivi:

1. Daraja B ni la gari binafsi. Siyo la kubeba watu wanaolipa nauli.

2. Magari ya abiria yana daraja C, na linagawanywa kwa idadi ya abiria bila kumhesabu dereva. Kuanzia 4 mpaka 15 ni C2, ndiko ziliko Noah na Hiace nyingi. Zaidi ya 15 mpaka 30 ni C1, mfano Coaster. Mabasi makubwa ni C yenyewe.

3. C2 hupewi hivi hivi. Lazima uwe umekaa na daraja D miaka isiyopungua 3. Miaka ya B haihesabiki, hata kama umeendesha 10.

4. Leseni yako haitoshi, gari nalo lina zake. TRA wanatoa leseni ya dereva, LATRA wanatoa ya kusafirisha abiria. Namba inatoka njano kuwa nyeupe, na bima inakuwa ya biashara.

Sasa uchungu uko wapi? Faini unaweza kulipa ikaisha. Ila ikitokea ajali na aliyeshika usukani hana daraja hilo, kampuni ya bima inapata sababu ya kukataa kulipa. Gari imekufa, majeruhi wanakuangalia wewe mwenye gari, na mtaji wa dukani ndo unaenda huko.

Ufanye nini?

Kama una B tu, anza kufuatilia D sasa hivi ili miaka ianze kuhesabika. Kwa sasa ajiri dereva mwenye C2, na mshahara wake uweke kwenye hesabu kabla ya kununua gari. Ukimlipa ukaona hakibaki kitu, basi biashara hiyo bado haijaiva, subiri.

Na deiwaka naye mkague. Dereva wako akiumwa, usimpe mtu funguo kwa sababu tu anajua kuendesha. Angalia daraja, angalia na tarehe ya leseni kuisha.

Una mwenzako anatafuta Hiace? Mtumie somo hili leo, kabla hajalipa.