SOMO: KIONGOZI MWENYE KUTUNZA WAZEE NA WAGONJWA

Masomo: Matendo 6:1-7, Marko 7:9-13, 1 Timoteo 5:3-16



Kutunza wazee, wajane na wagonjwa si kazi ndogo ya kuachia wamama peke yao. Ni kazi ya uongozi. Mitume waliposikia kwamba wajane wenye kusema Kiyunani wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku, hawakuwakasirikia wenye kunung'unika. Waliita kusanyiko lote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema.

Hapa Lubumbashi tunajua uzito wa jambo hili. Mtumishi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alitegemea kampuni kwa nyumba, lopitali na masomo ya watoto. Kampuni ilianguka katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa Départ Volontaire, wakalipwa mara moja tu. Leo wengi waliobaki ni wazee. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inawapa wazee na walemavu haki ya kulindwa kwa njia ya pekee. Lakini karatasi ya sheria haimpikii mzee bukari. Lazima mtu aende.

Basi kiongozi ashike mambo haya:

1. Asibague. Wajane waliosahauliwa kule Yerusalemu walikuwa wa lugha nyingine. Sisi pia tuliona mwaka 1992 na 1993 jinsi Wakasai walivyofukuzwa Katanga. Orodha ya wenye kusaidiwa isifuate kabila, wala ukoo wa mchungaji, wala ukubwa wa sadaka.

2. Hesabu iwe wazi. Franga za wajane ziandikwe katika daftari, zihesabiwe na watu wawili, na kanisa lisomewe. Pensheni ya mzee ni mali yake. Anayemsindikiza CNSS amkabidhi yote mbele ya shahidi. Yesu aliwakemea wenye kutumia jina la Mungu ili wasiwape wazazi haki yao.

3. Alinde heshima. Mzee si mtoto mdogo. Aulizwe kwanza kama anataka kuoga sasa, na anataka kula nini. Mama aogeshwe na mama. Ugonjwa wake usitangazwe katika ibada bila ruhusa yake. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa mbili, asipate vidonda.

4. Asiite ugonjwa uchawi. Mzee anaweza kusahau majina ya watoto wake, kutembea usiku, kusema peke yake. Mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo. Sisi wa kanisa lenye maono tuogope sana hapa: neno moja la nabii linaweza kumfukuza nkambo katika lupango alioujenga kwa jasho lake. Asitajwe mtu yeyote kuwa mlozi. Tena, mgonjwa wa sukari au wa presha asifungishwe chakula wala asiachishwe dawa. Maombi na muganga wa lopitali hawagombani.

5. Awatunze watunzaji. Paulo anafundisha jamaa watangulie, ili kanisa lisaidie wajane wasio na mtu. Lakini binti anayemwangalia mama yake peke yake usiku na mchana atachoka, na uchovu huzaa maneno makali. Kiongozi apange zamu, naye mwenyewe aingie katika zamu hiyo. Akiagiza tu, hatajua lolote la kuongoza.

Maulizo ya kujibu pamoja:

a) Katika mtaa wetu, ni mzee gani hajatembelewa mwezi huu? Kwa sababu gani?
b) Nani anashika daftari la wajane, na nani analikagua?
c) Jirani akisema nkambo fulani ni mlozi, tutafanya nini siku hiyo hiyo?

Jibu la ulizo la kwanza liandikwe, na wawili watumwe kwake kabla ya ibada ijayo. Bwana awatie nguvu. Amina.