Je, Bei ya Soko ni Bei ya Haki?

Soko huru ni utaratibu ambao mwenye kuuza na mwenye kununua huachwa wapatane bei wenyewe. Uhuru huo si dhambi. Lakini yafaa tuyapime matunda yake.

Mkulima wa Masukulu, huko Rungwe, akipeleka kahawa yake sokoni, hushindana na wakulima wa Brazili na Vietnam asiowaona kamwe. Kwa mapatano ya mwaka 1962 mataifa yenye kuuza na yenye kununua kahawa yaliwekeana mipaka ya kiasi cha kuuzwa, ili bei isianguke. Julai 1989 mipaka hiyo iliachwa, bei ikaporomoka.

Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa nchini kwetu kununua kahawa moja kwa moja kwa wakulima. Walilipa fedha taslimu, na wengi waliochoka kungojea malipo ya ushirika walifurahi. Lakini vyama vilivyokopesha dawa na mbolea, na kukata deni wakati wa mavuno, vilidhoofika, kwa maana mdeni aliweza kumwuzia mtu mwingine. Ruzuku ya mbolea nayo iliondolewa miaka hiyohiyo. Bei ya dunia ilipoanguka tena, hata kufikia 2001, mkulima alijikuta amesimama peke yake.

Kanisa lafundisha nini? Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII, katika Rerum Novarum, alionyesha kwamba mshahara hauwi wa haki kwa sababu tu mfanyakazi ameukubali; huenda amekubali kwa kubanwa na shida. Mwaka 1967 Paulo VI, katika Populorum Progressio, aliitumia kanuni hiyo kwa biashara ya mataifa: mapatano huru hufaa pale ambapo nguvu za pande mbili hazipitani mno. Tajiri aweza kungoja bei imfae. Mwenye mgonjwa nyumbani hawezi kungoja hata kesho.

Tangu msimu wa 2018 vyama vya msingi vimerudishiwa kazi ya kukusanya kahawa. Basi, enyi wazazi, hudhurieni mikutano, dai hesabu zisomwe mbele ya wote, chagueni mweka hazina mwaminifu. Chama kinachoficha hesabu humwibia mkulima sawasawa na mlanguzi. Bali wanyonge wakiungana kwa uaminifu, huingia sokoni wakiwa na sauti, na hapo ndipo bei huanza kuikaribia haki.